Orodha kwanza, matone baadaye

Katika kazi ya kutafuta polio, namba iliyonikosesha usingizi kuliko zote ni sifuri.

Kila wiki kituo cha afya kinatakiwa kutuma taarifa ya watoto walio chini ya miaka 15 waliopatwa na ulegevu wa ghafla: mkono au mguu uliokuwa na nguvu juzi, leo haunyanyuki. Kituo ambacho hakikumwona mtoto wa namna hiyo kinaandika sifuri. Zoni ya afya, yaani wilaya ya kiafya, inajumlisha, mkoa unajumlisha, wizara inajumlisha, na mwisho wake takwimu hizo zinasomwa Geneva, kwenye Shirika la Afya Duniani (WHO), na Atlanta, Marekani. Huko juu sifuri huonekana kwenye ramani kama eneo safi. Lakini kuna sifuri ya mtu aliyetafuta akakosa, na kuna sifuri ya mtu ambaye hakutafuta. Karatasini zinafanana kabisa.

Ndiyo maana kuna kipimo cha kuzitenganisha. Ulegevu wa ghafla una sababu nyingi mbali na polio: ugonjwa wa mishipa ya fahamu uitwao Guillain-Barré, sindano iliyochomwa vibaya ikajeruhi mshipa wa fahamu, na nyingine. Kwa hiyo hata nchi isiyo na polio inategemewa kupata angalau mtoto 1 wa aina hiyo kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, na penye mlipuko tunataka 2 au zaidi. Zoni yenye watoto wengi inayoandika sifuri mwaka mzima haijasalimika, iko kimya tu. Na ndani ya ukimya huo ndimo kirusi cha polio kinamostawi, kwa sababu kati ya watoto 200 hivi wanaoambukizwa ni 1 tu anayepooza. Waliobaki wanacheza, wanaoga mtoni, wanajisaidia majanini, na kirusi kinasonga mbele bila mtu kulia.

Mimi ni Mrundi, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani. Nilisomea uuguzi, baadaye ufuatiliaji wa magonjwa, na mwaka 2018 nikachukuliwa na STOP, mpango wa kupeleka wataalamu wa polio nchi mbalimbali, wa CDC, Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa. CDC ilianzishwa Atlanta mwaka 1946, mwanzoni kwa ajili ya malaria iliyokuwa ikisumbua majimbo ya kusini mwa Marekani. Mkutano wa Afya Duniani ulipoamua mwaka 1988 kuitokomeza polio, wakati ugonjwa ulikuwa ukiwapooza watu wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125, CDC ilikuwa miongoni mwa washirika wa kwanza pamoja na WHO, Rotary na UNICEF. Mpango wa STOP ulianza kupeleka watu mwaka 1999, na tangu hapo umetuma zaidi ya watu 2,000 katika nchi zaidi ya 70. Desemba 2011 CDC ilikwenda mbali zaidi ikaifungulia polio kituo chake cha dharura, kile kinachofunguliwa kwa vimbunga na milipuko mikubwa.

Kwetu tuliotumwa, mpangilio ulikuwa hivi: CDC inachagua na kugharamia, WHO inakupokea na kukupangia mahali, na wizara ya nchi ndiyo mwenye nyumba. Wakuu watatu kwa mtu mmoja. Wapo waliolalamikia hali hiyo. Mimi naiona ilikuwa na hekima, maana ilimlazimu kila mgeni kukumbuka kwamba daktari mkuu wa zoni ndiye atakayebaki siku sisi tutakapoondoka. Ukifika na fomu za Atlanta bila kukaa naye kwanza, fomu zako zitajazwa kwa adabu, na hazitakwambia kitu.

Nilipelekwa kusini mashariki mwa Kongo, mikoa ya Haut-Lomami na Tanganyika. Mwaka 2017 kirusi cha polio aina ya 2, kati ya aina zake 3, kilikuwa kimezuka huko na pia Maniema, na Februari 2018 serikali ya Kongo ikautangaza mlipuko huo kuwa dharura ya afya. Nilifurahi kwamba nitazungumza Kiswahili kazini. Cha watu wa Katanga kina ladha yake, na kwa wiki za mwanzo nilisikiliza zaidi kuliko nilivyosema.

Zoni niliyoanzia iko kandokando ya Lualaba, mto unaokuja kuwa Kongo. Kampeni ya chanjo ilikuwa inakaribia. Mpango wa kila kituo ulikuwa tayari: orodha ya vijiji, idadi ya watoto chini ya miaka 5, timu ngapi, vichupa vingapi, pakiti ngapi za barafu, mafuta ya pikipiki kiasi gani. Ulipendeza kuutazama. Nikamwomba muuguzi mkuu wa kituo anieleze ulivyotengenezwa, akasema kweli bila kuzunguka: ulinakiliwa kutoka kampeni iliyopita, na ule nao ulinakiliwa kutoka wa kabla yake.

Wavuvi hawamo ndani ya mpango wa kunakili. Pande za Upemba mto unatawanyika kuwa mabwawa na maziwa, na watu hufuata maji. Maji yakishuka, kambi inahama pamoja na nyavu, masufuria na watoto. Kambi nyingine ni nyumba tano, nyingine ni mji mzima wenye kanisa na duka la dizeli, ila haina jina katika ofisi yoyote ya serikali kwa sababu mwaka ujao itakuwa kwingine. Watoto wa kambi hizo hawakukataa chanjo. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Nani anajua kambi ziko wapi? Mama wanunuzi wa samaki. Wao hukopesha nyavu na chumvi, kwa hiyo lazima wajue aliyekopa amehamia wapi. Tulikaa nao sokoni, pamoja na wauza dizeli na kapita (msimamizi) wa bandari, muuguzi akiandika, mimi nikichora mto kwenye karatasi kubwa. Mama mmoja wa makamo alizitaja kambi moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa mkondo wa maji, kila moja na jina la mzee wake. Alipofika mwisho akaniambia, "Mama Docta, hawa watoto tunawabeba sisi kwenye mitumbwi yetu wakiumwa. Ninyi mlikuwa mnapita wapi?"

Sikuwa na la kumjibu, na sidhani alitaka jibu. Orodha ikaongezeka. Na orodha ilipoongezeka, kila kitu kilichofuata kikabadilika: timu zikaongezwa, vichupa vikaongezwa, barafu ikabidi idumu siku zaidi. Kukazuka ubishi mrefu na ofisi iliyoshika fedha, kwa sababu bajeti ilikuwa na mstari wa mafuta ya pikipiki na haikuwa na mstari wa mtumbwi wa injini. Ubishi ule ulikula muda ambao tungeutumia kufundisha wachanjaji. Tulishinda, lakini hapo ndipo nilipoelewa mtoto anavyoachwa nyuma. Anaachwa na jedwali lisilo na mstari wake, lililoandikwa na mtu mwema ambaye hajawahi kuliona bwawa.

Wakubwa wa kazi hii walilijua jambo hilo zamani. Desemba 1966, William Foege, daktari wa Marekani aliyekuwa mashariki mwa Nigeria katika mpango wa ndui uliosimamiwa na CDC, alijikuta na mlipuko na chanjo isiyotosha kuchanja kila mtu. Alitumia redio za wamisionari kuuliza, kijiji kwa kijiji, nani amemwona mgonjwa wa ndui. Kisha akachanja kuwazunguka wagonjwa na kuzuia njia ambazo ugonjwa ungepita. Ulisimama. Njia hiyo ya kutafuta kwanza na kuzingira baadaye ndiyo iliyokuja kuimaliza ndui duniani. Kilichomwokoa Foege pale ni habari. Chanjo aliyokuwa nayo ilikuwa chache, na habari ikaifanya itoshe.

Basi, kwetu sasa. Mtoto wa ulegevu wa ghafla akipatikana, saa inaanza kuhesabu. Zinatakiwa sampuli 2 za kinyesi, zipishane kwa saa 24 hadi 48, na zote ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, maana baada ya hapo kirusi huanza kupungua kwenye kinyesi. Sampuli zinasafiri kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi 8, kwa mtumbwi, kwa pikipiki, kwa gari, kwa ndege, hadi maabara ya taifa, INRB, iliyoko Kinshasa. Kutoka Lubumbashi tu ni zaidi ya kilomita 1,500 angani, na sisi Lubumbashi kwenyewe ilikuwa safari. Watu huhurumia chanjo inayosafirishwa kwenda kijijini, wakasahau kwamba kinyesi nacho kinahitaji barafu ileile kwa safari ya kurudi. Barafu ikiyeyuka njiani, jibu litakalotoka maabara laweza kuwa "hakuna kirusi", na hiyo ni sifuri nyingine ya uongo.

Kirusi kikionekana, chembe zake za urithi husomwa, na Atlanta ni mojawapo ya maabara zinazofanya kazi hiyo. Kirusi cha polio hubadilika kwa mwendo unaojulikana, karibu asilimia 1 kwa mwaka katika sehemu ya chembe za urithi inayosomwa. Kwa hiyo ukikilinganisha na ndugu yake wa karibu anayejulikana, unaona kimezurura muda gani bila kuonekana. Kikiwa mbali mno na ndugu zake wote, wataalamu hukiita virusi yatima. Katika mikutano yetu maneno hayo mawili yalinyamazisha chumba. Maana yake kulikuwa na watoto walioambukizana kwa miezi, pengine miaka, na katika muda huo wote sisi tulikuwa tukiandika sifuri.

Nije kwenye jambo gumu kuliko mitumbwi. Kirusi tulichokuwa tukikifukuza hakikuwa kile cha asili. Aina ya 2 ya asili ilishatangazwa kutokomezwa Septemba 2015. Hiki kilitokana na chanjo. Matone ya chanjo ya mdomo yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto aliyechanjwa hukitoa kwenye kinyesi, na penye watoto wengi wasiochanjwa kinapita kutoka mmoja hadi mwingine, kikibadilika kidogo kidogo mpaka kinapata tena nguvu ya kupooza. Penye watoto waliochanjwa hakipati njia. Dawa yake ni kuwachanja watoto wote upesi, kwa matone.

Utamwambiaje mzazi habari hiyo? Wenzangu wengi walipendelea kunyamaza. Waliogopa, na woga wao naueleza kwa heshima, kwamba ukweli huu ungegeuka uvumi kabla ya jioni. Mimi niliamini na bado naamini kwamba mzazi anayeombwa mtoto wake ana haki ya kuambiwa. Pale Tanganyika kuna baadhi ya jamii za Kitawala, wafuasi wa dhehebu la kidini, ambazo hukataa chanjo na dawa za hospitali. Kabla ya kuwaita wakaidi, mtu akumbuke kwamba serikali ya Wabelgiji iliwapiga marufuku, ikawafunga na kuwahamishia kwa nguvu mbali na makwao. Mtu aliyevaa koti jeupe akiwa amefuatana na askari si mgeni kwao. Babu zao walimfahamu. Nilipoambiwa kwamba timu itapita na polisi, niliomba ipite bila polisi hata kama itachelewa.

Nilikaa na mzee mmoja wa jamii hiyo, mimi kwenye kigoda alichonipa, yeye kwenye mkeka. Nikamwita Baba, nikamweleza vyote, pamoja na asili ya kirusi. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "wa kwanza wewe kutuambia kwamba kitu chenu kinaweza kuharibika." Hakukubali siku hiyo. Alikubali tuje tena, na tulipokuja tena wanawe wawili walileta watoto wao; yeye mwenyewe alikaa ndani, wala hatukumwita. Nyumba nyingine za pale hazikufunguka hata baadaye. Tulizihesabu, tukaziandika kama zilivyo: zimekataa. Mchanjaji aliyekuwa nami alitaka kuziandika "hawakuwepo", ili ripoti isipate doa. Nilimwambia nyumba iliyokataa na nyumba iliyokuwa shambani zinahitaji safari mbili tofauti. Ukizichanganya leo, kesho tutatuma mtu asiyefaa.

Vichupa vyenyewe vilikuwa na ulinzi ambao sikuwahi kuuona kwa chanjo nyingine. Tangu Aprili 2016 aina ya 2 iliondolewa kwenye matone ya kawaida duniani kote, kwa hiyo chanjo yenye aina hiyo hutolewa kwenye akiba ya dunia kwa idhini ya Mkurugenzi Mkuu wa WHO. Kampeni ikiisha, kila kichupa kinarudishwa na kuhesabiwa, kitupu na kisichofunguliwa. Kichupa kimoja kikisahaulika kwenye friji ya kijijini kinaweza kuanzisha upya kile kilichotuleta. Wauguzi walichoka na hesabu hiyo, na niliwaelewa, ila hapo sikulegeza.

Mwaka uliofuata, 2019, surua iliifagia Kongo. Kufikia Januari 2020 wagonjwa waliodhaniwa kuwa na surua walikuwa wamepita 310,000 na waliokufa 6,000, wengi wao watoto wadogo. Niliiona kwa macho. Tulifika kambi moja na matone yetu, mitumbwi imejaa barafu, fulana mpya, kipaza sauti. Mama mmoja akatuonyesha ndani: watoto wawili wenye upele, macho mekundu, mmoja anapumua kwa shida. Akauliza kama tuna kitu cha hao. Hatukuwa nacho. Tuliandika, tukapiga simu zoni pale mtandao ulipopatikana, tukambeba aliyezidiwa pamoja na mama yake hadi kituoni kwa mtumbwi wetu, na kampeni ya siku hiyo ikasimama. Mtoto alipona. Lakini yule mama alikuwa na haki ya kuuliza zaidi. Dunia iliweza kuleta barafu hadi mlangoni kwake mara kwa mara kwa ajili ya ugonjwa mmoja, na sindano ya surua, chanjo iliyokuwepo tangu miaka ya 1960, haikuwahi kufika hapo.

Kwa maoni yangu hili ndilo doa kubwa la kazi za kutokomeza ugonjwa mmoja mmoja. Nasema hivyo nikiwa nimeipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Lengo moja hukusanya fedha na watu kwa namna ambayo "afya bora kwa wote" haijawahi kukusanya. Bila lengo hilo ndui isingeisha. Lakini njia ikishafunguliwa hadi kambini, ni dhuluma kuipitisha chanjo moja peke yake. Kuanzia hapo, kila nilipotengeneza mpango wa polio niliweka safu za surua na za watoto ambao hawajawahi kupata chanjo yoyote, hata pale fomu haikuwa na nafasi. Wakuu wangu wa Atlanta hawakulikataa hilo. Mmoja aliniomba nimtumie karatasi ile, akaisambaza kwa wenzangu wa mikoa mingine.

Nikichoka humkumbuka Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia. Mwaka 1977 alikuwa mpishi wa hospitali. Aliwaelekeza njia wagonjwa wawili wa ndui waliokuwa kwenye gari, muda mfupi tu, akaambukizwa, akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya asili. Alikuwa anafanya kazi hospitalini na hakuwa amechanjwa. Baadaye maisha yake aliyatoa kwa kampeni ya polio, akipita kwa wazazi na kuwasimulia yaliyompata. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa kazini wakati polio imerudi Somalia.

Nilirudi Burundi. Agosti 2020 kanda ya Afrika ya WHO ikathibitishwa kuwa haina polio ya asili, na ilikuwa furaha ya kweli. Kisha Machi 2023 Burundi ikatangaza mlipuko wa kirusi kilichotokana na chanjo, wa kwanza wa polio kwa zaidi ya miaka 30: mtoto wa miaka 4 wa Isale, magharibi ya nchi, ambaye hakuwahi kuchanjwa, na watoto wengine 2 waliokutana naye. Maji taka nayo yalikuwa na kirusi. Chembe zake zilihusishwa na chanjo mpya ya aina ya 2, iliyoanza kutumika mwaka 2021 na kutengenezwa ili isibadilike kwa urahisi kama ya zamani. Virusi vya namna hiyohiyo vilionekana Kivu Kusini na Tanganyika, nchini Kongo. Sikushangaa kuona upande ule wa Ziwa Tanganyika ukitajwa. Mitumbwi inavuka kila siku, na ndani yake wamo watoto.

Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa WHO, na wafanyakazi wa CDC wakaagizwa kukata mawasiliano nayo. Mtu aliye mbali anaweza kudhani hayo ni mambo ya wakubwa. Kwangu ni swali la nani atalipa ndege ya kinyesi kutoka Lubumbashi hadi Kinshasa, na ripoti ya kila wiki itasomwa na nani. Watu waliojenga mnyororo huo kwa zaidi ya miaka 30, Wamarekani wengi wakiwamo, walinifundisha kwa ukarimu, na inaniuma kuona mikono yao ikifungwa.

Sisi wa huku hatukusubiri. Wauguzi na wafuatiliaji wa pande mbili za ziwa tuna kundi la WhatsApp, na wapo wa Kigoma pia. Hatuandiki majina ya watoto. Tunaandika umri, tarehe ulegevu ulipoanza, kambi alikotoka na aliko sasa. Wiki hii wa Uvira, upande wa Kongo, wametujulisha juu ya mtoto aliyevuka na mama yake kuja upande wetu akichechemea. Muuguzi wa Rumonge amempata kwa shangazi yake. Sampuli ya kwanza imechukuliwa, ya pili itachukuliwa kesho asubuhi.